Ziwa Kivu: sambaza hajui mpaka

Bei ya sambaza ikipanda kwenye soko ya Goma ao Bukavu, wa kwanza kulaumiwa ni mama wauzaji. Ila sehemu kubwa ya jibu iko majini.

Sambaza si mzaliwa wa Kivu. Ni lumbu wa Tanganyika, aliyeletwa wakati wa Wabelgiji, mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa sababu Kivu ilikosa samaki wa kula vidudu vidogo vinavyoelea katikati ya ziwa. Alizoea, na leo njo mboga ya familia nyingi.

Tena anaishi mahali padogo kuliko watu wanavyofikiri. Ziwa linafika karibu mita 485 kwenda chini, lakini kupita mita 60 hivi hakuna hewa ya samaki: kuko maji yenye gesi, pamoja na ile metani inayosemwa kila siku. Kwa hiyo sambaza wote wanabanana kwenye tabaka ya juu. Mchana wanashuka kidogo, usiku wanapanda kufuata chakula, na hapo wavuvi wa mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja wanawavuta kwa taa.

Hao wa katikati siyo wanaoumiza ziwa zaidi. Sambaza anatagia karibu na ukingo, na watoto wake wanakomalia palepale. Anayekokota chandarua cha mbu kandokando anabeba samaki ambao hawajataga hata mara moja. Lakini huyo naye, mara nyingi, hana mtumbwi, hana shamba, pengine amekimbia vita. Kumnyang'anya chandarua bila kumwonyesha kazi ingine ni kumfundisha kuvua usiku kwa kujificha.

Rwanda inafunga uvuvi karibu miezi miwili kila mwaka, kuanzia Agosti. Upande mmoja ukipumzika na mwingine ukiendelea kuvua, faida inapungua kwa wote. Na kupatana kumekuwa kugumu zaidi tangu Goma, kisha Bukavu, kuingia mikononi mwa AFC/M23 mwanzoni mwa 2025.

Kazi moja haihitaji kungoja wakubwa wapatane: wavuvi wa Kalehe, Kabare na Idjwi wanajua ghuba ambamo sambaza anatagia. Kuzilinda hizo mwaka muzima, wao wenyewe, ni rahisi kuliko kufunga ziwa zima, na taa za katikati zinaweza kuendelea kuwaka.