Bastola Kiunoni: Fizikia Yasemaje?

Katika somo la fizikia ni mifano michache iliyozoeleka kama ule wa bunduki irudiyo nyuma risasi inapotoka. Mwanafunzi hukokotoa kasi ya bunduki, hupata alama zake, na jambo huishia hapo. Maoni yangu ni kwamba hesabu hiyo haistahili kuishia hapo, kwani inajibu swali ambalo watu wazima huulizana: je, msafiri mwenye fedha, kama vile mnunuzi wa dhahabu ya Buhemba au wa samaki wa Musoma, atakuwa salama zaidi akiwa na bastola kiunoni?

Tuchukue bastola ya silinda. Risasi zake, kwa kawaida tano au sita, hukaa katika vyumba vya silinda izungukayo kila kifyatulio kivutwapo. Samuel Colt alipata hataza ya bastola ya namna hiyo nchini Marekani mwaka 1836. Sifa yake ni urahisi: risasi moja ikikataa kulipuka, mtu huvuta tena kifyatulio, na risasi nyingine huja mahali pake.

Mnunuzi hukuta aina mbili. Ile ya kubeba ni nyepesi, ina mtutu mfupi, nayo hufichika chini ya koti. Ile ya kulengea shabaha kwa burudani ni nzito na ina mtutu mrefu. Tuseme ya kwanza ina tungamo la kilo 0.4, na ya pili kilo 1.2. Kwa wepesi wa hesabu, tuseme pia kila moja hutoa risasi ya gramu 10 kwa kasi ya meta 240 kwa sekunde. Tukiiacha kando gesi ya baruti, bastola nzito itarudi nyuma kwa meta 2 kwa sekunde, na nyepesi kwa meta 6. Nishati inayoupiga mkono ni jouli 2.4 kwa ile nzito, na jouli 7.2 kwa ile nyepesi. Ni mara tatu.

Hayo si yote. Ikiwa vilengeo viwili vya bastola vimeachana kwa sentimeta 20, kosa la milimeta 1 katika kuvilinganisha huipeleka risasi kando kwa sentimeta 12.5 kwenye umbali wa meta 25. Vikiachana kwa sentimeta 10 tu, kosa lile lile huwa sentimeta 25. Tena, nyundo isipovutwa kwanza kwa kidole gumba, kifyatulio huhitaji kani ya nyutoni 50 hivi, ilhali uzito wa bastola nyepesi ni nyutoni 4 tu. Mkono usiozoea lazima utayumba.

Basi bastola iliyo rahisi kubeba ndiyo iliyo ngumu kuipiga sawasawa. Na mwenyewe huitoa usiku, kwa hofu, mikono ikitetemeka.

Risasi iliyokosa huenda wapi? Ile ya mfano wetu ina nishati ya jouli 288. Yaweza kuruka zaidi ya kilomita moja, wala bati au mlango wa mbao hauizuii. Mtu aliyefika Mwitongo, kule Butiama alikozikwa Mwalimu Nyerere mwaka 1999, ameyaona majabali ya mawe katika nchi ile, na watu wakiishi na kulima kati yake. Risasi ikilipiga jiwe kwa pembe ndogo huruka upande usioweza kutabiriwa. Kwa hiyo, kulenga makopo juu ya mwamba si burudani hata kidogo. Burudani ya shabaha ina mahali pake: uwanja wenye tuta nene la udongo na msimamizi.

Wako watakaosema kwamba jambazi hangoji mtu apige hesabu. Ni kweli, lakini hiyo ndiyo sababu ya kutaka mazoezi yatangulie. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka raia awe na leseni ya silaha yake. Napendekeza kwamba kila mwenye leseni ya bastola alenge shabaha mbele ya mkaguzi mara kwa mara, kwa silaha ile ile anayoibeba, na atakayeshindwa aiweke chini mpaka ajifunze. Mfanyabiashara naye, kabla ya kuchagua bastola, apunguze kwanza fedha za mkononi kwa kutumia benki au simu. Mzigo usiokuwapo hauhitaji mlinzi.

Nanyi walimu, swali la bunduki irudiyo nyuma litakapofika tena ubaoni, ongezeni kipengele kimoja: risasi imekosa shabaha, je, nyuma ya shabaha kuna nani?