DALALI, USINUNUE KWA SIRI SHAMBA ULILOPEWA KUUZA



Ndugu zangu, kijana mmoja dalali wa viwanja huko Mbinga ameniuliza: "Ustadhi, bibi mmoja wa Liuli kanipa shamba nimtafutie mteja. Anataka milioni 2. Mimi najua linafika milioni 5. Nikilinunua mwenyewe kwa jina la shemeji yangu, kuna ubaya? Leseni ninayo, kodi nalipa."

Swali hili ni la wengi. Tangu lami ya kutoka Mbinga ifike Mbamba Bay, na sasa bandari inajengwa, ardhi ya kando ya Ziwa Nyasa inatafutwa. Habari za bei anazo dalali. Bibi yuko na mihogo yake.

Dalali kuwekeza kwenye ardhi ni halali. Nunua, jenga, pangisha. Haramu ni kujificha. Ukikubali kumuuzia mtu mali yake, umekuwa wakili wake. Wakili hutafuta bei ya juu, mnunuzi hutafuta ya chini. Utakuwaje wote wawili? Ndiyo maana katika madhehebu yetu ya Shafi, wakili hajiuzii mali aliyopewa kuuza.

Mtume ﷺ alikataza kuwapokea wenye bidhaa njiani kabla hawajafika sokoni wakajua bei. Wewe umempokea bibi njiani.

Na sahaba Jarir bin Abdillah (r.a.) alinunuliwa farasi kwa 300. Alipoona thamani yake, alimwendea mwenyewe na kumpandishia bei mpaka 800! Kwa nini? Alimuahidi Mtume ﷺ kumtakia mema kila Muislamu.

Usiseme, "Bibi yule ni Mkristo." Mtume ﷺ alipohama Makka alimwacha Ali (r.a.) azirudishe amana za watu wa Makka, na wengi wao walikuwa maadui zake.

Na leseni? Inakuruhusu kufanya kazi, haikuruhusu kudanganya. Hata Sheria ya Mikataba ya Tanzania humpa mwenye mali haki ya kuyakataa mauzo ikiwa wakala amejiuzia kwa kumficha jambo la msingi.

Basi kama shamba unalipenda, fanya hivi:

1. Mwambie: "Bibi, anayelitaka ni mimi. Kuanzia leo si dalali wako."
2. Mtajie bei ya soko. Aulize wanawe, aulize na dalali mwingine.
3. Usichukue kamisheni kwake, wala cha juu.
4. Kama ni ardhi ya kijiji, nendeni halmashauri ya kijiji, kama Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inavyotaka.

Na uliyekwisha kununua kwa siri, bibi bado yu hai. Rudi kwake, mweleze, mwachie achague: umwongeze haki yake au umrudishie shamba. Ni rahisi leo kuliko Siku ya Kiyama.

Allah atupe rizki ya halali na aibariki. Aamiin.

Wallaahu a'lam.