Mlezi Ambaye Hamuwezi Kumshtaki, Huyo Ni Mgeni Tu

Wasee, nina swali kwa kila mtu anayejiita mlezi wa vijana mtaani: sisi vijana tukiona umetukosea, tunakushtaki wapi?

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, so nimepewa ushauri mpaka nikashiba. Wazee wa kanisa, majirani, watu wa semina. Wote wako na maneno mazuri. Lakini mdomo unaenda upande mmoja tu: wao wanaongea, sisi tunapiga makofi.

Sasa niwaambie kuhusu daktari mmoja Myahudi wa Warsaw, Poland. Jina lake la kuzaliwa ni Henryk Goldszmit, lakini dunia inamjua kama Janusz Korczak. Mwaka wa 1912, yeye na mwalimu mwenzake Stefania Wilczyńska walifungua nyumba ya mayatima wa Kiyahudi katika barabara ya Krochmalna. Ndani ya hiyo nyumba, Korczak akaweka korti. Majaji walikuwa watoto wenyewe, waliochaguliwa kwa bahati nasibu kati ya wale ambao hawakuwa na kesi wiki hiyo. Mtoto angeweza kumshtaki mwenzake, na angeweza kumshtaki mwalimu pia.

Korczak mwenyewe aliandika kwamba ndani ya miezi sita alisimama mbele ya hiyo korti mara tano. Kesi moja ilikuwa ya kumpiga kijana. Nyingine ni ya kumshuku msichana kuwa ameiba. Mkubwa wa nyumba nzima, anangoja watoto waamue! Na alisema kesi hizo ndizo zilimfunza kazi yake ya ulezi.

Najua kuna wale watasema, "Mkipewa korti mtalipiza kisasi tu." Lakini angalia sheria zao. Vifungu 99 vya kwanza vyote vilikuwa vya kusamehe au kuachilia. Ukali ulianza kifungu cha 100, na kufukuzwa kulikuwa huko mwisho, kifungu cha 1000. Mtu ukimwamini na kazi ya ukweli, anaifanya kwa makini.

Tena, mtoto mgeni akiingia, alipewa mtoto mwenzake aliyezoea nyumba amwelekeze kwa miezi mitatu. Mwaka wa 1926 Korczak akaanzisha gazeti, Mały Przegląd, lililoandikwa na watoto na vijana.

Wengi wanamkumbuka kwa kifo chake. Agosti 1942, Wanazi walipowachukua watoto karibu 200 kuwapeleka Treblinka, yeye na Wilczyńska walienda nao wakauawa pamoja. Alikuwa amepata nafasi za kutoroka, akakataa. Hiyo ni heshima kubwa sana. Lakini mimi naona alikuwa ameshachagua upande wao miaka 30 mbele, siku kwa siku, kwa kukubali wamhukumu.

Poland ndiyo ilipendekeza Mkataba wa Haki za Mtoto, Umoja wa Mataifa ukaupitisha 1989, na Kenya ikauridhia 1990. Haki ya mtoto kusikizwa imeandikwa humo.

Kwa hivyo mlezi, hatukuombi ufe na sisi. Tupe kikao kimoja kwa mwezi ambapo sisi ndio tunauliza na wewe ndio unajibu. Ukiogopa hicho kikao, basi tayari umetujibu.