Tumlipe fundi kwa sikio lake

GURUDUMU
Na Zuhura Mkwizu

Peleka gereji gari la miaka 15 linalotetemeka likiwa sailensi, yaani linawaka bila kukanyagwa mafuta, na kabla hujamaliza kueleza utatajiwa spea. "Bosi, hizo mauntingi." Fundi wa pili atasema plagi. Wa tatu atasema koili, na akikuona unasita ataongeza kwamba injini yenyewe imechoka, afadhali ukatafute nyingine Gerezani, Dar es Salaam. Wote watatu huenda ni mafundi wazuri, lakini hakuna aliyechomoa hata soketi moja kujaribu, wala aliyeuliza kama mtetemo unazidi unapowasha AC. Sababu tunaijua sote. Hakuna anayemlipa fundi kwa kusikiliza. Tunamlipa kwa kufungua na kufunga, naye anatafuta cha kufungua.

Jambo hili linanigusa kwa sababu gari la zamani ndilo gari letu. IST, Raum, Spacio, Premio na Noah zilizojaa barabarani zilikuja zikiwa zimeshatumika Japani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka minane, Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa magari ya umri mkubwa, lakini gari likishaingia huishi nasi miaka mingi kupita hapo. Familia inayomiliki gari la namna hiyo haina fedha ya kununua spea tatu ili kugundua kwamba ilihitaji moja.

Tuanze na kinachotokea chini ya boneti. Injini ya petroli ya silinda nne, ikishapata moto, hukaa sailensi kwenye mizunguko kati ya 600 na 800 hivi kwa dakika. Chukua 700. Katika kila mzunguko silinda mbili huwaka, kwa hiyo ndani ya dakika moja kuna mipasuko 1,400, zaidi kidogo ya 23 kila sekunde. Kila mpasuko ni msukumo. Misukumo ikilingana, bodi ya gari hutulia. Silinda moja ikigoma, misukumo 350 inakosekana kila dakika, na pengo hilo ndilo unalolihisi kwenye usukani na kwenye kiti. Ukikanyaga mafuta misukumo hukaribiana, uzito wa flaiwili huifidia iliyokosekana, na ugonjwa hujificha. Kwa hiyo mteja anaposema "nikiwa kwenye mwendo halina shida", hajasema kwamba tatizo ni dogo.

Hapo hapo niseme kuhusu Vitz na Passo zenye injini ya 1KR-FE, ile ya cc 996. Zina silinda tatu. Zimezaliwa na mtetemo kidogo, na mtu aliyezoea Corolla akihamia humo atadhani gari ni bovu. Wapo waliobadilisha mauntingi zote kutafuta utulivu ambao injini hiyo haikuwa nao hata ilipotoka kiwandani.

Mauntingi, zile raba zinazobeba injini, zinasingiziwa mengi. Ni kweli huchakaa, raba hupasuka, na zile zenye mafuta ndani huvuja. Lakini mauntingi haitengenezi mtetemo. Kazi yake ni kuuzuia usifike kwako. Injini yenye misi, yaani yenye silinda inayokosa kuwaka, ukiifungia mauntingi mpya, utapata nafuu kidogo na misi itabaki pale pale, ikimwaga petroli isiyoungua kwenye bomba la moshi mpaka iharibu kichujio cha kusafishia moshi. Njia ya kuzitofautisha haihitaji fedha. Weka gia ya N, sikiliza. Weka D huku umekanyaga breki, sikiliza tena. Gari likitulia kwenye N na kutetemeka kwa mpangilio ulio sawa kwenye D, mauntingi ni mshukiwa halali, au sailensi iko chini mno. Likiruka-ruka bila mpangilio kwenye gia zote mbili, kama mtu mwenye kwikwi, hiyo ni misi, na anayekuuzia mauntingi siku hiyo anakuuzia kitu usichokihitaji. Na ukihamisha gia kati ya D na R breki ikiwa imekanyagwa, boneti ikiwa wazi na mwenzako amesimama ubavuni, kamwe si mbele ya gari, ataiona injini ikinyanyuka kupita kiasi ikiwa raba zimekatika.

Sasa misi yenyewe. Gari nyingi za miaka ya 2000 zina koili moja juu ya kila plagi. Fundi anachomoa soketi ya koili moja injini ikiwa sailensi. Injini ikiyumba zaidi, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Airudishie aende inayofuata. Akichomoa moja na injini isibadilike hata kidogo, amempata mgonjwa. Ni kazi ya dakika chache. Ukiwa na mashine ya kupimia, mara nyingi itakupa namba: P0302 maana yake silinda ya pili inakosa kuwaka, P0300 maana yake misi inahama-hama. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa sababu wanaichukua namba ile kama oda ya dukani. P0302 imetaja silinda ipi, haijataja kwa nini. Inaweza kuwa koili, plagi, nozeli, vali isiyofunga, au oili iliyovuja kutoka kwenye gasketi ya kava la vali na kujaa katika shimo la plagi. Hamisha koili ya silinda ya pili uipeleke ya tatu, futa namba, washa gari. Namba ikirudi P0303, koili ni mbovu, nenda kanunue moja. Ikibaki P0302, koili haina kosa, na umeokoa fedha yako kwa kubadilishana vitu viwili vilivyokuwa tayari ndani ya gari.

Jirani yangu, mwalimu mstaafu, Raum yake ilipita gereji kadhaa kwa tatizo hili. Ilifungwa plagi mpya, kisha mauntingi, kisha pampu ya mafuta. Kijana mmoja aliyekuja nyumbani kwa kazi nyingine aliomba afungue boneti, akahamisha koili, akatikisa kichwa, kisha akapima mgandamizo wa silinda. Tatu zilikaribiana, moja ilikuwa chini sana. Akatia kijiko cha oili kwenye silinda ile dhaifu na kupima tena. Kipimo hakikupanda, kwa hiyo ringi za pistoni hazikuwa na hatia. Vali ilikuwa haifungi. Mwalimu alimlipa kwa moyo mweupe, akaniambia jambo ambalo sijalisahau: kwamba huyo ndiye wa kwanza kumweleza gari lake lina nini badala ya kumweleza linahitaji nini.

Misi ikikosekana na mtetemo ubaki, tafuta hewa. Injini hupima hewa inayoingia ili ipange petroli; mpira mmoja wa hewa ukipasuka, hewa isiyopimwa hupenya, mchanganyiko unakuwa mwepesi, na sailensi inapanda na kushuka. Katika gari la zamani mipira hiyo imekauka kwa joto. Fundi makini huisikiliza kwa kipande cha bomba la plastiki kilichowekwa sikioni, au hunyunyiza maji kidogo kwenye maungio akisubiri mlio ubadilike. Wapo wanaonyunyizia petroli juu ya injini ya moto. Hao wakatazwe palepale, gari linaweza kushika moto.

Ukiwasha AC na gari likakaribia kuzima, tazama throtoli. Masizi hujenga ukingo mweusi pale kilango kinapofungia, na hewa ya kutosha sailensi haipiti. Kusafisha ni rahisi, ila kwenye throtoli ya umeme kompyuta ilikuwa imejizoesha na ule uchafu. Baada ya kusafisha, sailensi yaweza kukaa juu mpaka ijifunze upya, na fundi anapaswa kukuambia hilo mapema. Kinachoniudhi ni ule mtindo wa kukaza skrubu ili kupandisha sailensi mpaka mizunguko 1,000 na zaidi. Mtetemo unapotea na mteja anaondoka akishukuru. Petroli inakwenda zaidi kila siku, gari la otomatiki linavuta hata likiwa kwenye foleni, na tatizo la mwanzo bado limo. Huko ni kumficha mgonjwa.

Injini za D-4 zinastahili haki yao. Toyota ilianza na 3S-FSE mwaka 1996, kisha ikaja 1AZ-FSE tunayoikuta kwenye Noah na Premio kadhaa. Kwetu zimepata jina baya, na mafundi wengi huzikataa mlangoni. Zinarusha petroli moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo hakuna petroli inayopita juu ya vali za kuingiza hewa na kuziosha. Masizi hujijenga huko mwaka hadi mwaka, na sailensi huchafuka. Gari la namna hiyo likitetemeka, swali la kwanza ni lini njia ya hewa ilisafishwa mara ya mwisho. Wengi waliong'oa D-4 na kufunga injini nyingine waliruka swali hilo.

Kelele ni somo jingine, na hapa sikio la fundi mzoefu halina mbadala. Bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma na mpini kwenye mfupa wa sikio, humwonyesha mlio unatoka wapi. Mlio wa ta-ta-ta unaokwenda nusu ya mwendo wa injini mara nyingi uko juu, kwenye vali. Unaokwenda sawa na mzunguko wa krenki unatoka chini, nao ni wa kuogopwa. Kelele za mbele ya injini, oltaneta, pampu ya maji, tenshena, zina jaribio lake: vua mkanda wa nje, washa injini kwa sekunde chache tu, kwa sababu bila mkanda pampu ya maji haizunguki. Kelele ikipotea, umejua ni beringi ya nje, na hakuna wa kukutajia ovahoo. Kuna pia bati la kuzuia joto juu ya bomba la moshi, ambalo boliti yake ikila kutu hutoa mngurumo wa kutisha kwenye mzunguko fulani tu. Tiba yake ni boliti. Watu wameuza magari kwa bei ya kutupa kwa sababu ya bati.

Mlio mmoja haungoji kesho. Mlio mzito wa kugonga kutoka chini, unaopungua unapochomoa koili ya silinda moja, ni dalili ya beringi ya konrodi. Pima oili kwanza, na kama taa nyekundu ya oili inapepesa injini ikiwa sailensi, zima. Gari livutwe. Injini iliyonoki ilianza hivyo, na kilomita chache za kuifikisha nyumbani ndizo hugeuza beringi kuwa krenki nzima.

Nawadai wenye magari pia. Mficha maradhi kifo humuumbua, nasi tunaficha: kwamba gari liliwahi kuchemsha, kwamba oili haijabadilishwa tangu mwaka jana, kwamba kuna mtu aliligusa wiki iliyopita. Fundi anahitaji kujua mlio ulianza lini, unakuja injini ikiwa baridi au moto, unafuata usukani au AC au gia. Mlio wa baridi unaopotea baada ya dakika tano ni habari muhimu, na hautasikika ukifika gereji na injini ya moto. Liache gari lilale hapo, aliwashe mwenyewe asubuhi. Vivyo hivyo unaponunua gari kwa mtu au kwenye yadi: gusa boneti kabla ya kuwasha. Ikiwa ya moto, rudi kesho, maana injini iliyopashwa kabla hujafika haitakupa milio yake ya baridi.

Sasa fedha. Hospitalini tunalipa kumwona daktari na kupimwa kabla ya dawa, na hakuna anayeona ameibiwa akiambiwa hana malaria. Gereji tunataka kupimwa bure. Napendekeza kila gereji ibandike ukutani bei ya kupima, ikijitegemea, na mteja apewe karatasi: vilivyojaribiwa, vilivyoonekana, kinachopendekezwa. Vyuo vya VETA vinavyofundisha ufundi wa magari, na vinavyorasimisha ujuzi wa mafundi wa mitaani, vinaweza kuifanya karatasi hiyo kuwa sehemu ya mtihani. Mafundi kadhaa nimewaeleza hili, nao wanajibu kwamba wateja watakimbia, kwa hiyo wao hupima bure kwa sharti kwamba matengenezo yafanyike kwao. Siwalaumu, lakini siafiki. Kipimo ambacho malipo yake yamo ndani ya spea kitaendelea kupata spea. Ada ilipwe hata kama tatizo ni boliti ya bati la joto, na ilipwe hasa siku hiyo, kwa sababu fundi aliyekuambia hivyo amekataa faida ya kukuuzia injini.