Shairi Nililoliita Guni: Funzo la Rege Kutoka Addis Ababa

Hapa Tarakea rege haitafutwi, huja yenyewe. Hupanda Noah zitokazo Himo, ikapita Marangu na Mkuu pamoja na abiria, na siku za soko huvuka kutoka upande wa Illasit ikiwa ndani ya redio za wafanyabiashara wa maharage. Kwa miaka mingi niliisikia kama nisikiavyo upepo ushukao kutoka Mawenzi: ipo, haiombi ruhusa, wala haingoji maoni yangu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na mpenzi wa ushairi wa mapokeo. Nilivyovipenda vilikuwa na vina na mizani. Rege, kwa dhana yangu ya siku hizo, ilikuwa na kelele na moshi tu.

Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wa kidato cha tatu aliniletea shairi la beti sita. Mada yake ilikuwa mpaka: shangazi yake ameolewa ng'ambo, na safari ya kumwona humlazimu mtu ajieleze kwa wasiomjua shangazi wala mpwa. Ukwapi wa kila mshororo ulitimia mizani minane. Utao, katika mishororo mingi, haukuwapo. Kijana aliacha nafasi tupu, kisha mshororo uliofuata ukaanza. Nilipomwuliza sababu alinijibu kwa adabu, "Mwalimu, hapo besi ndiyo inajibu." Darasa lilicheka, nami nikacheka nalo. Nikachukua kalamu nyekundu, nikaandika neno moja juu ya karatasi: guni.

Wapenzi wa ushairi mnajua uzito wa neno hilo. Ni hukumu ya shairi lililovunja kanuni, na mtungaji anayeanza huisikia kama hukumu yake mwenyewe. Hakuniletea shairi jingine.

Mwaka jana nilipanda bodaboda yake bila kumtambua. Yeye alinitambua. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, aliniomba simu, akaniwekea albamu moja nzima. Akasema, "Mwalimu, sikiliza hii kwa utulivu, halafu uniambie kama nayo ni guni." Albamu hiyo inaitwa A Town Called Addis, iliyotoka mwaka 2008 kwa jina la Dub Colossus. Nimeisikiliza kwa miezi sasa, na makala haya ni jibu langu kwake, nikilitoa mbele yenu kwa kuwa na kosa langu nililitenda mbele ya watu.

Kwanza niieleze dabu kwa wasioijua, kama nilivyokuwa mimi. Huko Kingston, Jamaika, mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, mafundi walianza kuutoa upande wa pili wa sahani ya santuri bila sauti ya mwimbaji. Mashuhuri kati yao alikuwa King Tubby, fundi wa vifaa vya umeme aliyeufanya mtambo wa kuchanganyia sauti kuwa ala. Aliufungua wimbo uliokwisha kurekodiwa, akaondoa sauti, akaacha ngoma na besi, kisha akarudisha neno moja au nusu ya neno likiwa limetiwa mwangwi, akaliondoa tena. Msikilizaji anayeujua wimbo huimba moyoni sehemu zilizotolewa. Asiyeujua hubaki na kiu ya kujua kilichokuwapo. Mwaka 1980 Linton Kwesi Johnson, mshairi mzaliwa wa Jamaika aishiye London, pamoja na Dennis Bovell, mwanamuziki mzaliwa wa Barbados, walitoa albamu ya LKJ in Dub, yaani mashairi ya Johnson yakiwa yamepunguzwa maneno. Fikiri, ndugu msomaji: mshairi anakubali maneno yake yaondolewe, kwa kuamini kwamba kilichobaki bado ni shairi.

Sasa turudi Addis Ababa. Nick Page, mwanamuziki wa Uingereza aliyefariki mwaka 2021, alikwenda huko akiwa na ujuzi wake wa rege na dabu. Angeweza kufanya walivyofanya wengi: kuchukua sauti chache za wenyeji na kuzinyunyiza juu ya midundo aliyoizoea kama kitoweo cha kigeni. Hakufanya hivyo. Alifanya kazi na waimbaji na wapigaji waliokuwa na njia zao tayari: Sintayehu Zenebe na Tsedenia Gebremarkos katika uimbaji, Samuel Yirga katika piano, Feleke Hailu katika saksafoni, na Teremage Woretaw ambaye ni azmari, apigaye mesenko. Lebo ya Real World ndiyo iliyoitoa kazi hiyo.

Azmari kwa Wahabeshi ni ndugu wa malenga wetu. Hushika mesenko, ala ya uzi mmoja wa singa za farasi na kisanduku kilichowambwa ngozi, huku akitunga papo kwa papo mbele ya wasikilizaji. Humsifu huyu, humsuta yule, na mara nyingine msikilizaji humnong'oneza mshororo naye akauimba palepale. Sanaa yao ina kanuni iitwayo nta na dhahabu. Jina limetokana na kazi ya sonara: huchonga umbo kwa nta, hulifunika kwa udongo, huyeyusha nta ikatoka, kisha humimina dhahabu mahali ilipokuwa nta. Vivyo hivyo mshororo mmoja huwa na maana ya nje isikiwayo na wote, na ya ndani isikiwayo na mwenye masikio. Nani miongoni mwetu hatambui jambo hili? Muyaka wa Mombasa alijulikana kwa mafumbo yake, na kila bibi arusi aliyeimbiwa taarabu ya kumsuta jirani anaijua nta na dhahabu hata kama hajalisikia jina lake.

Hapo ndipo albamu hii iliponifungua macho. Sonara hupata dhahabu kwa kuiondoa nta. Fundi wa dabu naye huondoa sauti ili patupu pabaki na umbo la kile kilichokuwapo. Katika Azmari Dub, wimbo uliobeba jina la malenga mwenyewe, mesenko na sauti ya azmari havikimbizani na besi. Besi hutembea chini kwa hatua chache, inanyamaza, na katika ukimya ule uzi mmoja unasikika kwa uzito ambao usingeupata kama kila nafasi ingejazwa. Mgeni amepunguza sauti yake ili mwenyeji asikike. Huo ndio ushirikiano ninaousifu humu.

Kuna jambo jingine linalonigusa. Rege ya asili imeiimba Uhabeshi kwa miongo mingi. Haile Selassie alipotua Kingston tarehe 21 Aprili 1966, umati ulimlaki kwa namna ambayo Warastafari wanaikumbuka hadi leo, na wengine wao walihamia Shashemene kuishi katika nchi waliyoiota. Lakini Uhabeshi wa nyimbo nyingi ulikuwa nchi ya ndotoni: Sayuni, mlima mtakatifu, kiti cha enzi. Katika albamu hii nchi hiyo inajibu kwa lugha na mizani yake, ikiwa na tizita, njia ya kuimba yenye majonzi ya yaliyopita. Hata majina ya nyimbo yana anwani: Entoto Dub ni mlima ulio juu ya jiji, na Yeka Sub City Rockers ni mtaa wa watu wapandao mabasi na kulipa kodi ya nyumba. Ndoto imepewa jina la kata.

Sitaki nionekane nimelewa sifa. Jina lililo jaladani ni la mradi wa Page, na mnunuzi asiyesoma maandishi madogo hawezi kumjua azmari. Jambo hili si geni kwetu. Ni mara ngapi tumeusifu wimbo wa taarabu kwa jina la mwimbaji, na mshairi aliyeutunga asitajwe? Ushirikiano unaosikika masikioni unapaswa kuonekana pia kwenye jalada na kwenye malipo. Vilevile kuna nyimbo humo ambazo mchanganyiko wake ni laini mno, zikapita bila kuacha alama. Hata hivyo, kasoro hizo hazinizuii kusema kwamba kazi hii inatufundisha jambo tunalolihitaji.

Sisi tunayo rege yetu. Jah Kimbuteh aliipigania Dar es Salaam wakati wengi walipoiona kuwa uhuni. Justin Kalikawe wa Bukoba aliiimba kwa Kihaya na Kiswahili. Jhikoman ameipa makao Bagamoyo, na Ras Nas, Mtanzania aishiye Norway, ni mshairi kabla hajawa mwimbaji. Nawaheshimu wote. Ninachokitamani ni hatua inayofuata: malenga wa Kiswahili na fundi mitambo waketi pamoja tangu mwanzo, tarbia ikiwa na vina na mizani yake, na fundi akijua ni kipande gani akiondoe ili kibaki kikisikika. Shairi letu limeumbwa kwa kazi hiyo. Lina ukwapi na utao, sauti mbili zinazojibizana ndani ya mshororo mmoja. Lina kibwagizo ambacho wasikilizaji hukishika baada ya ubeti wa pili, kiasi kwamba ukikiondoa katika ubeti wa nne watakiimba wenyewe. Kwa nini isiwepo dabu ya Usseri, kama ilivyopo ya Entoto?

Najua pingamizi litakalotoka kwa wenzangu wa mapokeo, maana nimekuwa nikilitoa mwenyewe: kwamba kuondoa maneno ni kubomoa shairi. Nawajibu kwa kumtaja mtu tunayemheshimu sote. Sheikh Amri Abedi, katika Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri ya mwaka 1954, alisisitiza kwamba shairi ni wimbo, na kwamba lisiloimbika halina maana. Sisi walimu tulishika hesabu ya mizani tukausahau wimbo. Tuliwafundisha vijana kuhesabu silabi kwa vidole juu ya dawati, nao wakaenda kuutafuta wimbo kwenye Noah. Na unafiki wangu ni mkubwa zaidi, kwa kuwa mwaka uleule nilioandika guni kwenye karatasi ya kijana yule, nilikuwa nikifundisha Kichomi cha Euphrase Kezilahabi, diwani ya mwaka 1974 iliyoachana na vina na mizani, na nilikuwa nikiitetea kwa bidii. Uhuru niliompa mtunzi aliyechapishwa kitabuni nilimnyima mtoto wa Tarakea aliyeniambia wazi kwamba besi ndiyo inajibu.

Wala yeye hakuwa ameukimbia utaratibu. Vipande alivyoviandika vilitimia, na vile alivyoviacha vilikuwa na urefu uleule, kwa kuwa aliupima ukimya wake kwa mizani minane. Alikuwa akiandika habari za mpaka, za mtu anayeuliza upande huu na kungoja jibu kutoka upande wa pili. Utao uliokosekana ulikuwa shangazi. Nilihitaji albamu kutoka Addis Ababa, iliyotengenezwa na watu wasiojua kama Tarakea ipo, ili nielewe karatasi iliyokuwa mezani kwangu.

Nilimtafuta wiki iliyopita kwenye kituo chao cha bodaboda. Nilimwambia kwamba ile haikuwa guni, wala yake haikuwa. Alicheka kidogo, akatazama chini. Nikamwomba aniletee shairi lile la mpaka, nilisome upya. Akasema, "Nililitupa siku ileile, Mwalimu." Nilimwuliza kama anakumbuka hata ubeti mmoja. Alikumbuka vipande viwili vya ukwapi, tukavisema pamoja pale barabarani, kisha abiria akaja.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu wanaosoma hapa: mwanafunzi akikuletea mshororo wenye nafasi tupu, muulize anasikia nini hapo, na umngoje ajibu kabla ya kufungua kalamu. Nami nimemtungia ubeti huu, ambao nitampelekea nikipanda tena bodaboda yake.

Ngoma ikishanyamaza, sauti hubaki ndani,
Neno usiloeleza, hulifumbua jirani,
Mgeni akisikiza, huketishwa barazani,
Nta ukiiunguza, dhahabu utabaini.