Bei Twaijua, Gharama Je?



Hapana harusi ya pwani isiyo na dhahabu. Mkufu huulizwa uzito, huulizwa karati, ukageuzwa nyuma kutazamwa muhuri. Jambo moja haliulizwi: dhahabu hii imechimbwa wapi, na kwa madhara ya nani? Nami nasema bila ya kumumunya maneno kwamba kutouliza huku ni maradhi yetu ya zamani.

Itazame Tabora. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ilifika hapo ikagawanyika, moja ikenda Ujiji, nyingine ikenda Karema kwa kupita nchi ya Mpanda. Katika karne ya kumi na tisa pwani ilipokea kwa njia hiyo pembe na watu. Pembe zilipimwa kwa frasila na bei ikaandikwa daftarini. Mateka waliotembezwa kwa minyororo nao walitiwa bei, mpaka soko la watumwa la Unguja lilipofungwa mwaka 1873. Lakini kijiji kilichobaki mahame hakikuandikwa katika daftari lolote. Na wanunuzi wengi walikuwa watu wa sala na saumu! Bei waliijua, gharama waliiacha bara.

Mwaka 1916, katika vita, Wajerumani waliobanwa Tabora walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 katika karakana ya reli ya Lulanguru, karibu na mji. Dhahabu yake ilitoka Sekenke, na sarafu zilikuwa kiasi cha 16,000. Upande mmoja pana tai, upande wa pili tembo. Leo matajiri huzigombania mnadani kwa fedha nyingi. Nani anamkumbuka aliyeshika sururu Sekenke?

Usidhani hayo yamepita na wakati wake. Mpanda ilipata reli kutoka Kaliua mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa risasi, ambayo ilichanganyika na fedha na dhahabu. Mgodi ule ukafungwa mwaka 1960. Wachimbaji wadogo wamo katika vilima vya nchi ile, ndani ya misitu ya miombo. Jiwe likisemwa limeonekana, watu hufika kabla ya barabara, kabla ya zahanati na kabla ya choo. Miti hukatwa kwa matimba ya kuzuia duara lisiporomoke, na mingine kwa kuni. Mawe hupondwa kwenye karasha, unga ukaoshwa mwaloni, kisha ukatiwa zebaki ili ishike dhahabu. Donge lile huchomwa motoni, mara nyingi mahali pa wazi, karibu na sufuria ya chakula na mama mwenye mtoto mgongoni.

Mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu. Hudhuru mishipa ya fahamu na figo, na humfikia mtoto tumboni mwa mamake. Zebaki inayomwagika mwaloni hufuata maji, na maji ya Mpanda hufuata mto Katuma mpaka mabwawa ya Katavi na ziwa Rukwa, waliko samaki. Huko Japani, katika mji wa Minamata, zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda iliingia katika samaki, na mwaka 1956 ikajulikana kuwa watu wanapooza na kufa. Nao walikuwa watu wa pwani, wavuvi na wala samaki kama sisi. Mkataba wa dunia wa kuizuia zebaki umepewa jina la mji huo, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Atasema mtu: mchimbaji atafuta riziki ya halali, wataka alale njaa? La, hasha. Kuchimba si haramu. Sheria yetu imeyajua madini tangu zamani na ikayatoza zaka. Lakini sheria hiyo hiyo yasema madhara huondolewa. Mchimbaji maskini hutumia zebaki kwa kuwa ni rahisi, na kwa kuwa mnunuzi hamwulizi. Vipo vifaa vya kuchomea vilivyofungwa, vinavyoukamata mvuke na kuirudisha zebaki chupani. Havikosi bei, lakini bei hiyo haifiki hata ya kidani kimoja.

Basi, baba na mama wa nyumba, neno langu ni hili. Mkienda kwa sonara, ulizeni dhahabu imetoka wapi. Tangu mwaka 2019 Tanzania ina masoko ya madini ambako dhahabu hupimwa na kuandikwa. Akwambiaye hajui, mwacheni na mali yake. Mwenye kumpa kijana mtaji wa duara, na ampe na kifaa cha kuchomea, na amtake apande miti mahali alipokata. Ama asiyeweza hayo, na apunguze mahari na mapambo, kwani ndoa haikuwekwa juu ya mizani ya sonara.

Wazee wetu waliweza kusema kuwa Tabora ni mbali, safari ya miezi. Sisi habari za Mpanda twazipata siku ile ile. Tukiulizwa kesho mbele ya Mola wetu, tutatoa udhuru gani?