Dawa ikishafunguliwa, tusitazame tarehe ya kiwandani peke yake

Hapa kwetu Rumonge hata mtoto anajua kwamba ndagala wasipoanikwa wakakauka vizuri, wataoza. Cha kushangaza, elimu hiyo tunaiacha ufukweni. Tukifika nyumbani na chupa ya dawa, hatuikumbuki tena.

Juzi nilimkuta jirani yangu akimtilia mwanawe dawa ya macho iliyofunguliwa miezi mingi nyuma. Nilipomuuliza, alinionyesha tarehe kwenye chupa: "Si bado haijapita?" Nikamweleza kuwa tarehe ile ni ya chupa ambayo haijafunguliwa. Dawa nyingi za macho hutupwa wiki 4 baada ya kufunguliwa, ingawa zimetiwa vihifadhi, yaani kemikali zinazozuia vijidudu kuzaliana humo.

Wapo wanaosema vihifadhi hivyo ni sumu tupu. Kweli si vitu vya kuchezea. Mwaka 1982 Marekani ilionya kwamba maji ya sindano yenye kihifadhi kiitwacho benzili alkoholi yasitumiwe kwa watoto wachanga, baada ya watoto njiti kufa. Kiasi ambacho mtu mzima anakistahimili, mwili wa njiti ulishindwa kukiondoa.

Lakini pasipo kihifadhi pana hatari yake. Chanjo ya surua haina, kwa sababu kingeua virusi hai vinavyoifanya ifanye kazi. Ndiyo maana ikishachanganywa haitakiwi kuzidi muda wa saa 6. Mwezi Mei 2017 wenzetu wa Kapoeta, Sudan Kusini, walizika watoto 15. Uchunguzi ulionyesha kuwa chanjo ilikaa nje ya baridi, na bomba moja la sindano lilitumika siku 4 mfululizo.

Karatasi nyingi za maelezo ninazoziona madukani zimeandikwa Kifaransa au Kiingereza. Mama anayeuza mawese sokoni atazisomaje? Nawaomba wauza dawa wamwambie mnunuzi, kwa Kirundi au Kiswahili, dawa ikae wapi, itupwe lini baada ya kufunguliwa, na kama inamfaa mtoto mchanga. Wamkumbushe pia kuandika siku ya kufungua juu ya chupa. Kalamu haina gharama kubwa.

Nasi wanunuzi tuulize bila haya. Samaki aliyeharibika hujitangaza kwa harufu. Dawa iliyoharibika yaweza kunyamaza kimya.